Sitaha na Ubavu wa Jahazi

Mtu akitazama jahazi lililokwama ufukweni wakati wa maji kupwa, hustaajabia mlingoti wake na tanga lake. Lakini fundi mwunda vyombo hutazama kwanza mahali pasipovutia macho, yaani pale sitaha inapokutana na ubavu.

Ana sababu. Mbao za chini hukaa majini, nazo huvimba. Mbao za sitaha huchomwa na jua mchana kutwa, nazo hukauka na kunywea. Tena wimbi likiinua chombo, mwili wake wote hujipinda. Basi mbao hizi na zile huvutana, na hapo ndipo ufa huanza. Watu wa visiwa vya Lamu walijua nguvu hiyo tangu kale. Walishona mbao za mtepe kwa kamba za makumbi bila msumari, ili chombo kijipinde pasipo kuvunjika.

Mkuku wa jahazi ni kama uti wa mgongo, mataruma ni mbavu, na mbao ni ngozi. Ndani, karibu na ukingo wa juu, fundi hupigilia ubao mnene unaoyashika mataruma tangu omo hata tezi. Juu ya ubao huo hulaza boriti za sitaha, zikivuka toka upande huu hata upande wa pili. Kazi ya boriti si kubeba sitaha tu. Huzuia pia mbavu zisitanuke wala zisikaribiane.

Kabla ya kupiga msumari, fundi hutoboa tundu kwa keekee, mti usije ukapasuka. Kisha huzungushia msumari uzi wa pamba uliotiwa mafuta, maji yasipate njia.

Mwisho ni kukalafati. Pamba husokotwa, hutiwa mafuta, na kushindiliwa katika nafasi za mbao kwa patasi butu na nyundo. Kazi hii yataka kipimo. Pamba ikiwa haba, maji hupita. Ikizidi, mbao zikivimba husukumana hata misumari ikalegea.

Fundi mvivu akiharakisha hapo, hakuna atakayejua siku ya kushua chombo. Watajua wanamaji usiku, katikati ya bahari, maji yatakapojaa ngamani na shehena ya unga ikalowa. Watafua maji kwa zamu, na mikono ikichoka roho zao zi hatarini. Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini baharini hakuna nafasi ya kujenga ukuta.

Maswali
1. Kwa nini mbao za sitaha na mbao za chini huvutana?
2. Boriti za sitaha zina kazi gani mbili?
3. Pamba ikishindiliwa kupita kiasi, hutokea nini?