Saa ya Kutuliza Mkono (Somo la Ufundi)



Kuko wazee ambao mkono wao unatetemeka bila kukoma. Watu wengine wanasema ni pombe, ao ni bulozi. Hapana. Mara nyingi ni ugonjwa, na munganga James Parkinson wa London aliandika juu yake tangu 1817. Ndani ya ubongo kuko chembe zinazotengeneza kitu kinachoitwa dopamini. Zikikufa nyingi, mwili hauongozwi vema: mkono unatetemeka mara 4 mpaka 6 kila sekunde, na miguu inakuwa mizito.

Mwaka 2016, kule Uingereza, fundi Haiyan Zhang alimtengenezea Emma Lawton, mchoraji mwenye ugonjwa huo, saa ya mkono yenye mota ndogo zinazotikisika. Alipoivaa, aliweza kuandika jina lake vizuri. Saa haiponyi; inasaidia tu wakati inavaliwa.

Sisi nasi tukitaka kutengeneza, tufuate hatua hizi:

1. Kuuliza mgonjwa kwanza. Mkono unatetemeka wakati umepumzika, ao wakati anakamata kikombe? Hizo ni hali mbili, na chombo kimoja hakifai kwa wote.

2. Kutafuta vitu vya bei ndogo. Simu iliyokufa iko na mota ndani yake. Chuma chake kimefungwa kando, si katikati, kikizunguka, kinatikisa. Uongeze pile 2 ndogo za volti 1,5, waya na mkanda wa kitambaa. Kiwe chepesi, na kifungwe kwa mkono mmoja, sababu mwenye kutetemeka hawezi vifungo vidogo.

3. Kupima. Achore mstari wa kuzunguka kama nyumba ya konokono, mara 5 na saa, mara 5 bila saa. Mwenye kuhukumu karatasi asijue ni ipi na ipi, maana macho yanaona kile moyo unataka.

4. Kusema kweli. Isipomsaidia, umwambie. Na dawa za munganga asiziache hata siku moja.

Ndugu wa darasa la 6, mota na pile tunavisoma juu ya mtihani wa Serikali. Lakini kuko mzee aliyeacha kunywa chai mbele ya watu sababu ya haya. Tusimcheke. Somo letu limfikie yeye pia.

Kapita wa wanafunzi, darasa la 6