Kuongeza Bila Kuandika Upya

Ndugu wanafunzi, nanyi kaka zetu mliokwisha maliza hapa, nataka kuwaeleza kosa nililolifanya, maana najua wako watakaoshawishika kulifanya pia.

Shuleni kwetu habari za vitu vilivyoharibika huandikwa katika Redmine, programu ya mtandaoni iliyotungwa kwa lugha ya Ruby. Mwaka jana niliagizwa nifanye habari za maji zionekane kwa rangi ya buluu. Nikafungua faili la issue.rb, nikaitafuta methodi (yaani fungu la maagizo lenye jina lake) iitwayo css_classes. Hiyo hutoa maneno ambayo kwayo kila mstari hupata rangi. Nikaongeza langu ndani yake, nikajiona fundi. Wakati wa likizo likawekwa toleo jipya, na faili jipya likalifunika langu. Buluu ikatoweka. Habari ya bomba lililopasuka bwenini ikazama katikati ya habari za madawati, na asubuhi moja tangi lilikuwa tupu. Wadogo zetu wakaenda mtoni na ndoo.

Mara ya pili nilitunga programu-jalizi, nikaiweka katika folda ya plugins, pasipo kuligusa faili la wenyewe. Ndani yake mna moduli yenye methodi ya jina lile lile, css_classes, nami naitanguliza mbele ya Issue kwa agizo la prepend, lililoingia katika Ruby 2.0 mwaka 2013. Methodi ikiitwa, Ruby huikuta yangu kwanza. Yangu huandika super, basi ile ya asili hufanya kazi yake yote na kurudisha jibu, ndipo naongeza neno “maji” mwishoni. Mpishi apika kama siku zote. Mimi nimesimama mlangoni na chumvi. Super iandikwe bila mabano, ili methodi ya asili ipewe vile vile nilivyopewa mimi.

Zamani watu waliibadili methodi jina kwa alias_method_chain, ambayo Rails iliiondoa katika toleo la 5.1, mwaka 2017. Ukizichanganya njia hizi mbili juu ya methodi moja, zaweza kuitana bila kikomo mpaka programu ianguke.

Lakini prepend nayo si hirizi. Watungaji wakiibadili css_classes jina, yangu haitaitwa tena, wala halitatokea kosa lolote la kunionya. Kwa hiyo kila lijapo toleo jipya naandika habari ya bomba la uongo, naitazama kama ina buluu, kisha naifuta.