SOMO LA WAZAZI: MKIA WA NENO

Sisi ni walimu wa Shule ya Jumapili wa Kinama. Mara iliyopita tulizungumza juu ya sauti ya kwanza ya neno. Leo tunageuka upande wa pili: sauti ya mwisho. Watoto wetu tuliwaambia ni "mkia wa neno". Jina liliwafurahisha, ila siku ya kwanza lilituletea shida kidogo. Tulipouliza mkia wa neno "mbuzi", mmoja alijibu kwamba ni mfupi na unatikisika! Kwa hiyo anzeni na vitu visivyo na mkia.

Semeni kwa sauti: mti, mto, mtu. Kichwa ni kimoja, mkia tu ndio unatofautiana. Mtoto asiyeshika mkia atakuambia amepanda juu ya mtu, na nyinyi mtacheka, lakini siku ataandika hivyo shuleni hatacheka yeye. Iko pia baba na babu, jina na jini, soma na somo, sala na sali. Tena Kiswahili kinaweka kazi kubwa kule mwishoni: napenda, sipendi, anasoma, asome, hasomi. Maana inageuka kwa herufi moja ya mwisho. Na hapo ndipo sauti yetu inapolegea, kwa kuwa uzito wa neno la Kiswahili unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Sema "kitabu" usikie: nguvu iko kwenye "ta", na "bu" inafuata polepole. Kwa hiyo mtoto anayekosa mkia si mjinga. Anakosa mahali ambapo sisi wakubwa hatutamki kwa nguvu.

Zoezi hili ni la watoto wa miaka minne hadi sita, na halihitaji kalamu wala daftari. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu wazazi wengi wanakimbilia kuandika herufi. Kwanza sikio, herufi baadaye.

Chora duara mbili mavumbini. Ndani ya moja weka chupa, ndani ya nyingine weka kitabu. Hiyo ni nyumba ya "a", kwa sababu chupa inaishia na "a", na hii ni nyumba ya "u". Sema neno moja huku ukivuta mkia: "mamaaaa". Mtoto akimbie kwenye nyumba yake. "Kukuuuu." Akimbie tena. Akishazoea, acha kuvuta, useme neno kama kawaida. Kisha ongeza nyumba ya sabuni kwa ajili ya "i", ya kijiko kwa "o", na mwisho ya jiwe kwa "e". Msiziweke zote siku moja. Sauti za "i" na "e" ziko karibu, vilevile "o" na "u", na mtoto mdogo anazichanganya. Dakika kumi zinatosha. Mtoto akianza kuangalia barabarani, somo limekwisha.

Ukiuliza mkia wa "kitabu", watoto wengi watajibu "bu". Usikatae. Amekata silabi, na hiyo ni hatua nzuri, tena katika lugha zetu silabi ndiyo inayosikika upesi. Mwambie: vuta hiyo "bu". "Buuuu." Kinachobaki mdomoni ni nini? Atasema "u" mwenyewe.

Hapa Kinama tuna neema moja. Kirundi nacho kinamaliza maneno kwa vokali: umuntu, igiti, amazi, inzu. Ndiyo sababu mtoto aliyevuka kutoka Uvira mwezi wa Desemba 2025, ambaye hajui Kirundi, anaweza kucheza mchezo huu na watoto wa jirani siku ileile. Nao jirani zetu wengi walikuwa wakimbizi, wakajifunza Kiswahili Tanzania au Kongo, basi wanatuelewa. (Mitaa yetu inaitwa Bubanza, Muyinga, Ngozi, Ruyigi, kwa majina ya mikoa, mikoa yenyewe imepunguzwa kuwa mitano mwaka 2025, lakini mitaa bado inashika majina yake.) Mtoto anayeingia darasa la kwanza hapa mjini anafundishwa kwa Kirundi, na Kifaransa kinazidi kadiri anavyopanda madarasa. Sikio alilolizoeza nyumbani kwa Kiswahili litamsaidia huko kote.

Shida inakuja na Kifaransa, kwa sababu huko neno linaweza kukatwa mkia. "Sac" inaishia na sauti ya "k" bila kitu nyuma yake, na mtoto wetu anasema "saki". Msimchapie hilo. Amefanya kama walivyofanya wazee wetu: Waarabu walisema "kitab", sisi tukaongeza "u". Njia nzuri tuliyoipata ni majina ya Biblia, kwa kuwa watoto wanayajua pande zote mbili. Nyumbani anaitwa Danieli, shuleni anaitwa Daniel. Yakobo na Jacob. Isaka na Isaac. Paulo na Paul. Sema jina la Kiswahili, halafu lile la Kifaransa, uulize: mkia umekwenda wapi? Sasa sauti gani imebaki mwisho? Watoto wanapenda sana hapo.

Lakini mjihadhari, Kifaransa kinaandika pia mikia isiyotamkwa. "Riz" haina sauti ya "z", "lait" haina sauti ya "t", na "petit" inanyamazisha "t" ambayo "petite" inaitoa. Ndiyo maana tulisema sikio kwanza. Mtoto aliyefundishwa kutazama herufi ya mwisho atadanganywa. Aliyefundishwa kusikiliza atakuuliza kwa nini herufi ile iko pale. Mwambie ukweli, kwamba huandikwa na haitamkwi.

Mnakumbuka habari ya Shiboleti, Waamuzi sura ya 12. Kule ilikuwa sauti ya mwanzo, na watu waliuawa kivukoni kwa namna walivyotamka neno moja. Wengi wetu hatuhitaji kufafanuliwa habari ile. Basi mtoto asichekwe mbele ya wenzake kwa sababu ya matamshi, wala asiitwe kwa kabila au kwa mahali alipotoka.

Tunasema hivyo tukiwa na kosa letu. Tulikuwa na msichana wa miaka sita ambaye kila mara alikimbilia nyumba isiyo yake. Tukamwita mtundu, tukamketisha nyuma, na nyuma ndiko alisikia kidogo zaidi. Ilipita miezi kabla nyanya yake hajatuambia kwamba sikio lake linatoa usaha tangu njiani walipokimbia. Alipotibiwa tulimhamisha mbele, na sasa anakosa mara chache. Tulimwomba msamaha yeye na nyanya yake.

Sauti za mwisho ni hafifu, hasa "s", "f", "t" na "k", na mtoto mwenye maji au usaha sikioni anazipoteza mapema. Kwa hiyo mtoto akikosa siku zote, simama nyuma yake, mnong'oneze jina lake, uone kama atageuka. Asipogeuka, au sikio likitoa maji au harufu, au akilishika akilia, mpeleke kituo cha afya. Msitie mafuta wala maji ya majani ndani ya sikio.

Wiki hii anzeni na majina ya watu wa nyumba yenu, wote, pamoja na waliobaki kule nyuma. Uliza mkia wa kila jina. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaingia katikati ya neno.