SOMO KWA WACHUMBA: TUHESABU MBELE YA KUJENGA

Kusoma: Luka 14:28-30



Tukiwauliza wachumba wametayarisha nini kwa ndoa, wanataja mahari, nguo na siku ya kubarikiwa. Juu ya damu yao wananyamaza. Wengine wanasema: "Tumekwisha kuombewa, kupimwa ni kukosa imani." Lakini Bwana alifundisha kwamba mwenye kujenga mnara anaketi kwanza na kuhesabu. Basi tuhesabu.

1. Tunarithi nini?
Kila mtoto anapokea alama moja ya damu kwa baba na moja kwa mama. Mwenye AS anabeba alama ya ugonjwa, lakini kwa kawaida ni mzima, wala hajui mpaka apimwe. Mwenye SS ni mgonjwa: chembe nyekundu za damu yake zinapinda kama mundu na kuziba mishipa. Anaumwa mifupa, anapungukiwa damu mara kwa mara.

2. Hesabu yenyewe
Wachumba wote wawili wakiwa AS, katika kila mimba kuna nafasi 1 kati ya 4 ya kuzaa mtoto SS. Hesabu inaanza upya kila mimba. Mtoto wa kwanza akiwa mzima, haimlindi wa pili. Mmoja akiwa AA na mwingine AS, hawazai SS.

3. Tusiwashitaki wazee
Katika inchi yetu ya Kongo watoto wengi wanazaliwa na SS. Mtoto akiugua-ugua, familia inatafuta mchawi, na bibi mzee anafukuzwa nyumbani. Kumbe alama imetoka kwa baba na mama pamoja, bila kosa la mtu.

4. Tufanye nini?
Wachumba wapimwe wote wawili mbele ya mahari kupelekwa, maana baadaye haya inafunga kinywa. Wapimwe pia ukimwi na kaswende. Majibu ni siri yao; yasitangazwe kanisani. Wakiwa wote AS, waketi na mganga wa hospitali, kisha waamue wenyewe. Waliokwisha kuoana wasikate tamaa: mtoto apimwe mapema, atunzwe hospitalini. Tunamwombea, lakini dawa yake tusiikatize.

Maulizo ya kuzungumza
- Kwa nini wachumba wanaogopa kupimwa?
- Katika familia yetu, nani alishitakiwa bure?

Bwana awape hekima.