Fao la Upotevu wa Ajira: Nani Anastahili na Adai Vipi

Wananchi wengi hudhani kwamba kila asiye na kazi hulipwa posho na Serikali, na wengine hudhani kwamba mfanyakazi wa sekta binafsi aliyepoteza kazi haambulii chochote. Dhana zote mbili si sahihi. Tangu mageuzi ya sheria za hifadhi ya jamii ya mwaka 2018, mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) anayekoma ajira bila hiari yake anaweza kudai fao la upotevu wa ajira. Katika somo hili tunaeleza masharti yake na namna ya kulidai.

Mfano

Tuchukulie kijana aliyeajiriwa kwa miaka miwili katika mashine ya kukoboa mpunga huko Kamsamba, wilayani Momba, kwa mshahara wa shilingi 300,000 kwa mwezi. Mavuno yamekuwa haba na mwajiri anapunguza watu. Anamwita na kumwambia, "Andika barua ya kuacha kazi, nikulipe mshahara wako leo." Je, aandike?

Tunashauri asiandike. Anayejiuzulu hana haki ya fao hili. Kijana huyu hakuacha kazi, bali kazi ndiyo iliyopungua, na barua inapaswa kusema hivyo.

Masharti

Mwombaji hustahili ikiwa:

1. amechangia kwa miezi isiyopungua 18;
2. ajira yake imekoma kwa sababu isiyo kujiuzulu;
3. hajapata ajira nyingine, na
4. hajatimiza masharti ya kulipwa mafao mengine, kama vile pensheni.

Kiwango

Fao ni asilimia 33.3 ya mshahara wa mwezi, nalo hulipwa kwa miezi sita. Kijana wa mfano wetu angepata shilingi 99,900 kila mwezi, jumla shilingi 599,400. Aliyechangia chini ya miezi 18 hulipwa kwa mkupuo asilimia 50 ya michango yake.

Fao hili halifuti haki zinazotokana na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi isiyopungua siku 28, au malipo badala yake. Aliyepunguzwa kazini baada ya kutumikia mfululizo angalau miezi 12 hulipwa pia kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, kisichozidi miaka kumi. Kwa miaka miwili, hizo ni siku 14. Barua moja ya kujiuzulu ingemnyima kijana huyu fao pamoja na kiinua mgongo.

Hakiki michango mapema

Michango ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu inayokatwa kwa mfanyakazi haipaswi kuzidi asilimia 10. Mwajiri hutakiwa kuiwasilisha ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi husika kwisha. Makato kuonekana kwenye hati ya mshahara si uthibitisho kwamba fedha zimefika katika Mfuko. Omba taarifa ya michango mara kwa mara ungali kazini. Ukikuta miezi imeruka, peleka hati zako za mshahara NSSF ili Mfuko umdai mwajiri.

Hatua za kudai

Kwanza, pata barua ya kusitishwa ajira inayotaja tarehe na sababu. Dai pia cheti cha utumishi, kwa kuwa ni haki yako kisheria.

Pili, linganisha majina yaliyo katika kitambulisho cha Taifa, kumbukumbu za NSSF na akaunti ya benki. Herufi moja iliyokosewa huweza kuchelewesha malipo.

Tatu, jaza fomu ya madai na uiwasilishe NSSF pamoja na nyaraka hizo. Kutoka Kamsamba hadi mjini ni mwendo mrefu wenye nauli, hivyo uliza kwanza kwa simu nyaraka zinazohitajika, ubebe nakala pamoja na nyaraka halisi.

Nne, tunza nakala ya kila ulichowasilisha na uthibitisho wa kupokelewa.

Ukiona umeachishwa isivyo halali, peleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30 tangu ajira kukoma. Usingoje fao lilipwe kwanza, kwani siku hizo huendelea kuhesabiwa.

Jipime

1. Je, umechangia miezi mingapi hadi leo, na umehakiki lini?
2. Je, barua yako inasema umeacha kazi au umeachishwa?
3. Je, siku ya thelathini tangu ajira yako kukoma ni tarehe ngapi?