SOMO LA WIKI: Kuboresha programu ya duka bila kuwatupa wateja wa zamani

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo unawahusu hata wafanyabiashara wanaouza kwa intaneti, kwani daftari lao la oda limo ndani ya kompyuta, na wengi wao hawajui limewekwa wapi.

Mfano mzuri ni WooCommerce. Hii ni programu-jalizi, yaani programu inayochomekwa kwenye tovuti ya WordPress ili kuigeuza duka. Ilianza mwaka 2011, na mwaka 2015 kampuni ya Automattic ya Marekani ilimnunua mtengenezaji wake, WooThemes. Ni programu huria: mtu yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuisoma na kuibadili. Aidha, watengenezaji wengine huiongezea programu-jalizi zao za malipo, usafirishaji na hesabu.

Daftari mbili

Kwa miaka mingi oda ziliandikwa katika majedwali yaleyale ya WordPress yaliyobuniwa kwa ajili ya makala na kurasa. Habari za oda moja zilitawanyika katika mistari mingi, na duka lilipokua, kuzitafuta kulichukua muda.

Oktoba 2023, toleo la 8.2 lilifanya majedwali maalumu ya oda kuwa utaratibu wa kawaida kwa maduka mapya. Maduka ya zamani hayakulazimishwa kuhama. Yalipewa pia njia ya kuandika oda katika daftari zote mbili kwa pamoja, ili tatizo likitokea yaweze kurudi yalikotoka.

Hasara inapoingilia

Hata hivyo, zipo programu-jalizi zilizozoea kwenda moja kwa moja kwenye daftari la zamani. Katika duka lililohama, programu ya malipo ya namna hiyo huandika namba ya malipo mahali ambapo duka halisomi tena. Mteja amelipa, lakini mwenye duka anaona oda haijalipwa na hatumi mzigo. Fedha zimeingia, sifa imeharibika.

Waliosalimika ni wale waliopitia mlango wa duka lenyewe. Tangu toleo la 3.0 la Aprili 2017, WooCommerce ina amri rasmi za kusoma na kuandika oda. Anayezitumia hahitaji kujua daftari liko wapi. Msimbo mmoja hufanya kazi katika duka la zamani na jipya.

Mambo manne kwa mtengenezaji

1. Apitie amri rasmi, asiguse majedwali mwenyewe.
2. Aijaribu programu yake katika mifumo yote miwili, kisha ndipo aitangaze kuwa inaafikiana na ule mpya.
3. Aandike wazi toleo la chini kabisa analolihudumia.
4. Atangaze mapema lini huduma kwa toleo la zamani itakoma.

Hilo la nne ni muhimu, kwani kubeba matoleo ya zamani kuna gharama. WordPress iliendelea kukubali lugha ya PHP 5.2.4 hadi Mei 2019, ingawa huduma kwa PHP 5.2 ilikwisha tangu 2011. Ndipo kiwango kikapandishwa hadi 5.6.20, na Julai 2024 hadi 7.2.24. Kwa miaka hiyo yote, aliyetaka kuwahudumia watumiaji wote alilazimika kuacha zana mpya na kujaribu kazi yake kwenye mitambo iliyochakaa. Lakini anayekata ghafla huwaacha wenye maduka bila matengenezo ya usalama.

Ushauri kwa wafanyabiashara

Mwenye duka anashauriwa kuweka nakala ya data zake kabla ya kuhama, kuifanyia majaribio nakala hiyo, na kuandika daftari zote mbili kwa muda. Baada ya hapo alinganishe oda na taarifa ya benki au ya simu. Hesabu zikikubaliana, daftari la zamani linaweza kufungwa.

Kwa mwenye mtaji mdogo anayetaka kuingia ubia katika duka la intaneti, maswali matatu yanatosha: duka linatumia programu-jalizi zipi, kila moja ilitengenezwa upya lini, na nani hulipwa kuzitunza? Programu huria haina bei dukani, lakini utunzaji wake una bei. Asiyeupangia fedha leo atazitoa siku duka litakapokwama.