Somo kwa Makatibu: Usafi wa Msimbo ni Ulinzi wa Leja



Somo hili lafaa kusomwa kwa sauti katika kikundi cha kujifunza, kisha lijadiliwe. Mwisho wake yapo maswali. Anayesoma peke yake aandike majibu katika daftari lake.

Tuchukulie chama cha msingi cha wakulima wa kahawa chenye wanachama 400. Uzito wa kahawa ya kila mkulima, malipo ya awali, makato ya pembejeo na malipo ya mwisho vyote vimo katika kompyuta moja ofisini mwa katibu. Siku moja leja yakataa kufunguka. Fundi yuko mjini, na barabara imeharibika kwa mvua. Anamwelekeza katibu kwa simu jinsi ya kuweka programu fulani, na baada ya dakika chache fundi aiona skrini ya katibu kana kwamba ameketi mbele yake. Asogeza kipanya, aandika, arekebisha. Jioni leja yafanya kazi na watu wote washukuru.

Programu ile yabaki katika kompyuta. Mwaka wapita, miaka mitatu yapita, hakuna anayeikumbuka. Lakini kila kompyuta inapowashwa, nayo huamka na kungoja mgeni mlangoni. Swali la somo letu ni hili: mlango huo ulijengwa na nani, na leo unatunzwa na nani?

1. ASILI YA PROGRAMU HIZI

Programu ya kuongoza kompyuta kutoka mbali ina sehemu mbili. Sehemu inayokaa katika kompyuta inayoongozwa huitwa seva. Hiyo ndiyo inayotuma picha ya skrini na kupokea amri. Sehemu iliyo kwa fundi huitwa mteja.

Miongoni mwa zilizoenea sana ni VNC. Ilitungwa katika maabara ya utafiti mjini Cambridge, Uingereza, ambayo kwanza ilihusiana na kampuni ya Olivetti na baadaye ikawa ya kampuni ya AT&T. Mwaka 1998 msimbo wake ulitolewa bure kwa umma. Msimbo ni maandishi ya amri yanayoandikwa na watunzi wa programu, ambayo kompyuta huyafuata. Leseni ya VNC ilimruhusu mtu yeyote kuusoma msimbo huo, kuunakili, kuubadili na kuugawa, mradi naye awape wengine haki hiyo hiyo.

Maabara hiyo ilifungwa mwaka 2002, na baadhi ya watu wake wakaanzisha kampuni ya RealVNC. Wengine, katika nchi mbalimbali, waliendeleza matawi yao kutokana na msimbo uleule: TightVNC, UltraVNC, LibVNCServer, na kuanzia mwaka 2009, TigerVNC.

Mwana-ushirika ataelewa upesi faida na hatari ya mpango huo. Mashine ya kukoboa ikiwa ni mali ya wote, kila mmoja hunufaika nayo. Lakini ikiwa hakuna aliyepangiwa zamu ya kuitia mafuta, kila mmoja hudhani mwenzake ameitia.

2. UCHAFU WA MSIMBO NI NINI?

Msimbo haushikwi na kutu. Herufi zilizoandikwa mwaka 1998 ziko vilevile hata leo. Kilichobadilika ni dunia iliyouzunguka. Katika VNC ya awali, herufi 8 za kwanza tu za neno la siri ndizo zilizohesabiwa, na mgeni akisha kuingia, picha na maandishi yalipita katika waya bila kufumbwa. Ndani ya ofisi moja ya watu wanaoaminiana, hayo yaliweza kuvumilika. Katika intaneti ya leo ni hatari kubwa.

Uchafu wa msimbo ni wa namna nyingi. Yafaa tuzijue tatu.

Kwanza, marudio. Hesabu ileile imeandikwa mahali pengi. Kosa likigunduliwa, husahihishwa mahali pamoja na kusahauliwa pengine. Ni sawa na katibu mwenye orodha tatu za wanachama, aliyefuta jina la marehemu katika orodha moja tu.

Pili, sehemu zilizokufa. Hizi ni amri zilizoandikwa kwa ajili ya mitambo isiyotumika tena, au huduma ambazo watumiaji wengi hawazihitaji. Hazina kazi, lakini zimo, na mgeni mwovu aweza kuziamsha. Mwaka 2018 hitilafu kubwa ziligunduliwa katika LibVNCServer, ndani ya sehemu ya nyongeza inayohusika na kuhamisha mafaili. Kumbe shabaha ya kwanza ya programu ile ni kuonyesha skrini.

Tatu, kutohakiki urefu. Hili ndilo chanzo cha maafa mengi. Tuseme katika daftari la mapokezi kila mwanachama ana ukurasa wenye mistari 30. Mgeni asema, “Andika mistari 40.” Karani mzembe haulizi. Ajaza ukurasa, kisha aendelea kuandika juu ya ukurasa wa mwanachama anayefuata. Hesabu za huyu wa pili zimeharibika, naye hakuwapo. Lugha ya C, iliyotumika kuandika sehemu kubwa ya programu za aina hii, humwachia mtunzi mwenyewe kazi ya kuhesabu mistari. Akisahau, mgeni aweza kuandika amri zake mwenyewe katika kumbukumbu ya kompyuta, na kompyuta ikazitii.

3. MIFANO MIWILI KUTOKA KUMBUKUMBU ZA UMMA

Mwaka 2006 kosa la ajabu lilionekana katika RealVNC toleo la 4.1.1. Ilikuwa desturi ya seva kumpa mteja orodha ya njia za kujitambulisha, naye mteja huchagua mojawapo. Mteja mjanja aliweza kujibu, “Nimechagua njia isiyohitaji neno la siri,” ingawa njia hiyo haikuwamo katika orodha aliyopewa. Seva haikulinganisha jibu na orodha yake, ikafungua mlango. Kosa hilo liliondolewa katika toleo la 4.1.2. Kilichokosekana kilikuwa ni ukaguzi mmoja mdogo.

Mwaka 2019 watafiti wa kampuni ya Kaspersky walitangaza kwamba wamepata hitilafu 37 katika matawi manne ya VNC: LibVNC, TightVNC toleo la 1, TurboVNC na UltraVNC. Baadhi zilikuwa zimekaa humo kwa miaka mingi, na nyingine zilifanana kutoka tawi hadi tawi, kwa kuwa msimbo ulinakiliwa pamoja na makosa yake. Nyingi zilisahihishwa. Lakini TightVNC toleo la 1 haikusahihishwa, kwa sababu watunzi wake walikwisha kuacha kuliendeleza. Aliyekuwa na toleo hilo katika kompyuta yake alibaki na nyumba ambayo fundi wake amekwisha kuhama.

4. KAZI YA KUSAFISHA HUFANYWAJE?

Kusafisha msimbo hufanana sana na kazi ya mkaguzi wa hesabu. Hatua zake kuu ni hizi:

(a) Kuandika majaribio kabla ya kugusa chochote. Mtunzi huandika jinsi programu inavyotenda sasa, ili baada ya kila badiliko aweze kuhakikisha kwamba haikuharibika.

(b) Kuondoa sehemu zilizokufa, na kuunganisha marudio yawe mahali pamoja.

(c) Kuhakiki kila kipimo kitokacho kwa mgeni, kabla ya kukiamini.

(d) Kuilisha seva maelfu ya ujumbe wa ovyo kwa kutumia mashine, ili kuona ni upi utakaoiangusha. Mkaguzi mwema hujaribu kufuli kwa funguo zisizo zake.

(e) Kuacha njia za siri zilizobuniwa zamani na kutumia njia za kisasa za kufumba mawasiliano, kama TLS, ambayo hutumiwa pia na mabenki katika intaneti.

(f) Kuandika kila badiliko: nani amelifanya, lini, na kwa sababu gani.

Kazi hii hufanywa kidogo kidogo. Anayebomoa nyumba nzima ili aijenge upya aweza kuingiza makosa mapya pale alipoyatoa ya zamani. Kwa hiyo tusimcheke katibu anayeogopa toleo jipya. Hofu yake ina msingi, maana kuna matoleo mapya ambayo yamewahi kuzuia mashine ya kuchapa isifanye kazi siku ya malipo. Dawa ya hofu hiyo ni kufanya nakala ya akiba ya leja, kulijaribu toleo jipya katika kompyuta moja, na kuchagua wakati ambao si wa msimu. Kukaa na toleo lililoachwa si dawa.

5. WAJIBU WA CHAMA

Wengi wetu hatutaandika msimbo. Hata hivyo, mwanachama hahitaji kuwa mhasibu ili aulize kama hesabu zimekaguliwa. Kamati yaweza kutimiza mambo matano:

Kwanza, katibu aandike katika karatasi moja kila programu ya kuongoza kompyuta kutoka mbali iliyomo ofisini: jina lake, toleo lake, tarehe ya toleo hilo, na nani anayeitunza.

Pili, programu isiyo na mtunzi iondolewe kabisa. Kuifunga dirisha lake hakutoshi.

Tatu, ile inayobaki iwashwe fundi anapohitajika, katibu akiwa amekaa mbele ya skrini, na izimwe kazi inapokwisha. Isiachwe wazi moja kwa moja kwenye intaneti.

Nne, neno la siri libadilishwe kila fundi anapobadilika, wala lisibandikwe ukutani.

Tano, matengenezo ya programu yatengewe fungu katika makisio ya mwaka, kama yanavyotengewa mizani na paa la ghala. Hata programu iliyopatikana bure hutunzwa kwa jasho la mtu.

Mkulima aliyeleta kilo zake katika mizani ya chama hataiona seva wala msimbo. Atakachoona ni tarakimu iliyo mbele ya jina lake siku ya malipo. Chama kimeahidi kwamba tarakimu hiyo haitaguswa na mtu asiyehusika. Ahadi hiyo yapasa kulindwa hata mahali ambapo mkulima hawezi kuchungulia.

MASWALI YA KUJADILI

1. Je, katika ofisi yetu imo programu iliyowekwa na fundi ambaye hayupo tena? Nani ataichunguza, na kabla ya tarehe gani?

2. Eleza kwa maneno yako mwenyewe kosa la mwaka 2006. Je, katika kazi za chama, ni wapi tunapokubali jibu la mgeni bila kulilinganisha na orodha yetu?

3. Mjumbe mmoja asema, “Programu inafanya kazi, msiiguse.” Kikundi kitamjibu nini?

4. Tengenezeni azimio moja fupi la kupelekwa kwenye kikao kijacho cha kamati kuhusu fungu la matengenezo ya programu.